Miti ya Kienyeji Kando ya Mto Themi

Mito Themi na Naura hushuka kutoka Mlima Meru na kulikata jiji la Arusha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na ukanda huo ndio mahali pa kwanza pa kuotesha msitu mdogo mjini. Themi Living Garden ni mfano wa eneo la kijani lililopata nafasi pembeni ya mto.

Uchaguzi wa miti ndio kazi yenyewe. Mkaratusi hukua haraka lakini hunywa maji mengi; kuupanda kando ya mto ni kujitafutia ukame. Msesewe hupenda unyevu, na magome yake machungu hutiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi. Mringaringa una maua meupe yanayovuta nyuki, majani yake mapana huoza upesi yakawa mbolea, na mbao zake huchongwa mizinga. Mruka hutandaza kivuli juu ya kahawa.

Miche hupandwa masika yakianza, ikichanganywa na kusongamanishwa, namna iliyoenezwa na Mjapani Akira Miyawaki. Palizi huendelea miaka miwili au mitatu, na mbuzi wazuiwe.