Shindilia Udongo, Linda Uhai

Sakafu mpya huweza kupasuka kwa kuwa udongo uliorudishwa msingini haukushindiliwa sawasawa. Katika mtaro mwembamba, mashine ya kutetemesha hufaa mchanga; udongo wa mfinyanzi hutaka ile irukayo na kupiga kwa kishindo, ikamua hewa iliyonaswa ndani.

Kwanza finya konzi moja ya udongo: ukishikamana bila kulowesha kiganja, unafaa, ukimong'onyoka ni mkavu. Mwaga tabaka la sentimita 15, shindilia, ndipo uongeze jingine.

Lakini kumbuka: moshi wa injini ya petroli hutuama shimoni, na ndani yake mna gesi isiyo na harufu, nayo huua. Usimwache fundi mtaroni pasipo hewa. Nyumba hujengwa upya; mtu hajengwi.