UZI: Msitu ni wa umma, lakini je, unafikika bila gari?

1/ Kila mdahalo wa kisiasa hapa kwetu hufika mahali mtu anashika maikrofoni na kusema "tutajenga barabara". Makofi. Swali linalofuata huwa halijibiwi: barabara ya nani, ya kwenda wapi? Leo tulichambue kwa mfano ambao wengi hawajaufikiria: kufika kwenye vijia vya baiskeli za milimani kwa matatu badala ya gari. Kama kawaida ya nyuzi zangu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

2/ Najua mshaanza. "Watu wanalilia unga na wewe unaleta baiskeli za msituni?" Swali ni halali na nitalijibu kwa 12. Kwa sasa shika hili: ukitaka kujua mfumo wa usafiri unamjali nani, usiangalie njia ya kwenda kazini peke yake. Angalia pia kama mtu wa kipato cha kawaida anaweza kufika Jumapili mahali ambapo sheria inasema ni pake.

3/ Na sheria inasema hivyo kweli. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinahesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa inaishikilia kwa niaba ya wananchi. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kwa hivyo Karura si zawadi ya mtu, Ngong si zawadi ya mtu. Lakini haki ambayo inahitaji Subaru ndiyo uifikie ni haki nusu.

4/ Tuanze na habari njema: kufika kunawezekana, na nimefanya mara nyingi na baiskeli yangu ya mtumba. Karura: matatu za Ruaka na Banana zinapita Limuru Road, karibu na lango la msitu. Za Kiambu zinakupitisha upande wa pili, Kiambu Road. Ndani kuna njia zilizotengewa baiskeli, na za kukodisha zipo, kwa hivyo hata kama huna yako unashuka stegi mikono mitupu na bado unaendesha.

5/ Ngong Hills ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Ukienda na gari, unaliacha langoni upande wa Ngong, unapanda vilele, halafu lazima urudi ulikotoka kwa sababu gari linakungoja. Ukienda na 111 hufungwi na kitu. Unaanzia Ngong, unafuata mgongo wa vilima hadi Kona Baridi, unashika barabara ya Magadi kuja Kiserian, na 126 inakurudisha tao. Mwenye gari ameona upande mmoja mara mbili. Wewe umevuka vilima vyote.

6/ Limuru ni hesabu ya mlima tu. Iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya Nairobi ni karibu 1,700. Ukipandishwa na matatu, kazi ngumu imefanywa na injini. Wewe unashuka kwa vumbi la Tigoni katikati ya majani chai ukielekea nyumbani. Mwenye gari akishuka hivyo, jioni anatafuta mtu wa kumrudisha juu kuchukua gari.

7/ Hell's Gate sasa. Hii ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambazo unaruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli bila gari. Unapanda ya Naivasha pale Nyamakima, ukifika mjini unabadilisha, unachukua zile za kando ya ziwa zinazoelekea Kongoni, unashuka kwenye makutano ya Elsa Gate. Baiskeli za kukodi ziko hapo. Ukiwa watu watatu mnapita kati ya pundamilia na miamba, na hakuna hata mmoja wenu aliye na leseni ya kuendesha gari.

8/ Sasa siasa. Shida huanza ukiwa na baiskeli yako na makanga akikuangalia. Nimewahi kuambiwa "hiyo mkokoteni wacha hapo". Nimewahi kulipishwa viti viwili na baiskeli ikiwa juu ya keria, haijakalia hata kimoja. Ni rahisi kusema makanga ni wakorofi. Lakini somo la kwanza kwa darasa la siasa ni hili: kabla ya kulaumu tabia ya mtu, uliza analipwa vipi.

9/ Matatu nyingi zinaendeshwa hivi: mwenye gari anataka kiasi fulani kila siku. Mafuta yakitoka, hicho kiasi kikitoka, na mambo ya njiani yakitoka, kinachobaki ndicho cha dereva na makanga. Hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa hivyo kila kiti na kila dakika ni chakula chao. Dakika tatu za kufunga baiskeli kwenye keria ni dakika tatu gari la nyuma linawapita na kuwaokotea abiria mbele. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

10/ Nauli nazo hupangwa na sacco na mwenye gari, si serikali. Mvua ikinyesha zinapanda, foleni ikiwa ndefu zinapanda. Kuhusu mizigo hakuna bei iliyobandikwa popote, ni mdomo wako na mdomo wa makanga. Nchi nyingine ziliamua hili ni jambo la sera, si la kubembelezana. Seattle, Marekani, mabasi ya King County Metro yana keria ya baiskeli pale mbele. Uswisi, mabasi ya manjano ya posta hubeba baiskeli kwenye njia nyingi za milimani. Huko hakuna anayeomba ruhusa. Bei inajulikana, mahali pa kufunga panajulikana.

11/ Hapa kwetu hata sera haikosekani. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015, na ndani yake kuna ahadi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara itaenda kwa watembeao na waendeshao baiskeli. Asilimia 20! Hebu toka nje ya nyumba yako uangalie barabara ya karibu, uniambie asilimia 20 iko wapi. Kuandika karatasi ni rahisi kwa sababu karatasi haigombanii nafasi na gari.

12/ Sasa lile swali la unga. Sikilizeni: njia ya baiskeli kutoka stegi hadi lango la msitu haijui nani anaipitia. Asubuhi ya Jumatatu anaipitia fundi wa mjengo anayeokoa nauli, anaipitia mtoto wa shule, anaipitia mtu wa maziwa. Jumapili ndiyo mimi na helmeti yangu tunapita. Msisahau pia kwamba bodaboda yenyewe ilianza na baiskeli kule mpakani Busia, kabla ya pikipiki. Baiskeli haikuja Kenya kama mchezo. Ilikuja kama kazi.

13/ Halafu linganisheni na fedha zinapoenda. Nairobi Expressway ni kilomita 27, ilifunguliwa 2022, unalipia ukipita, na baiskeli, bodaboda na tuktuk haziruhusiwi. Sisemi isingejengwa. Nasema tuwe wakweli kuhusu ilijengewa nani. Wengi wa wakazi wa jiji hili hutembea au kupanda matatu, na wenye magari ya kibinafsi ni wachache. Lakini kwenye mdahalo, "msongamano" maana yake huwa msongamano wa wale wachache.

14/ "Si basi tupanue barabara?" Thika Superhighway ilikamilika 2012. Wanaoishi huko wanajua jam haijaisha. Sababu inajulikana vizuri kwa wanaosomea usafiri: ukipanua barabara, kuendesha kunakuwa rahisi kwa muda, watu wengi zaidi wananunua magari na kuhamia mbali zaidi, na nafasi inajaa tena. Ni kama kulegeza mshipi ukidhani umepunguza tumbo.

15/ Ile barabara ya Southern Bypass ilipopita, ilikata Msitu wa Ngong Road. Msitu ambao ungefikiwa kwa matatu ya Ngong Road na kuendeshwa vizuri sana, sasa una lami na malori katikati. Hii ndiyo maana siwezi kutenganisha mjadala wa barabara na mjadala wa misitu. Ramani ni ileile, na mstari mmoja wa kalamu unaamua mambo yote mawili.

16/ Na hapa ndipo ninapofikia kiini. Januari 1999, watu wa Green Belt Movement walienda Karura kupanda mti kwa sababu vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa wenye miradi ya majumba. Walipigwa, damu ikamwagika. Msitu ulipona kwa sababu kelele ilitoka kwa wengi: wanafunzi wa vyuo wakaandamana, viongozi wa dini wakasema, dunia ikaangalia. Msitu unaojulikana na wengi una mashahidi wengi.

17/ Sasa fikiria msitu unaofikiwa na wenye magari pekee. Siku mnyakuzi akija, atasema nini? "Hiyo ni bustani ya matajiri, sisi tunataka kujengea wananchi nyumba." Na mtu wa Kawangware au Githurai ambaye hajawahi kukanyaga huko atamtetea nani? Kila matatu inayoshusha watu 14 kwenye lango inaongeza watetezi 14. Gari moja lenye mtu mmoja linaongeza mtetezi mmoja na linadai karibu mita 12 za mraba za kuegesha, ndani ya msitu huohuo tunaotaka kuulinda.

18/ Tusidanganyane, upande wa pili una hoja. Mzazi mwenye watoto wawili na baiskeli tatu hawezi kupigana na stegi ya Railways. Dada akirudi jioni kutoka Kiserian ana hofu ambazo mimi sina. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anapata shida hata kuingia matatu, ingawa Kifungu cha 54 kinataja usafiri wa umma waziwazi. Kwa hivyo hoja si "uza gari". Hoja ni kwamba asiye na gari asifungiwe nje.

19/ Nani ana jukumu? Hapa wanasiasa hupenda kurushiana mpira, kwa hivyo karirini. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Barabara kuu na reli ni za serikali ya kitaifa. Safari ya Ngong inaanzia Nairobi na kuishia Kajiado, ya Limuru inaishia Kiambu. Ndiyo maana NaMATA iliundwa 2017 kuunganisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mtu akikwambia "hiyo si kazi yangu", muulize basi amewasiliana na nani ambaye ni kazi yake.

20/ Na njia ya kusukuma ipo, haihitaji maandamano. Taarifa ya mkakati wa fedha ya kaunti hufika bungeni kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Katikati hapo lazima wananchi washirikishwe. Kwa misitu, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inatambua vyama vya jamii vya misitu, ambavyo hushiriki kwenye mipango ya usimamizi. Mikutano hii huwa na viti vitupu, halafu sisi tunakuja hapa kulalamika.

21/ Ukienda, usiende na "tunaomba mtusaidie". Nenda na vitu vinavyohesabika: stegi yenye kivuli karibu na lango, kivuko salama cha barabara, mita kadhaa za njia ya baiskeli kutoka stegi hadi lango, mahali pa kufungia baiskeli, na bei ya mzigo iliyobandikwa ndani ya gari. Hilo la mwisho halihitaji hata lami. Linahitaji sacco, kaunti na karatasi moja. Na makanga naye atajua amelipwa kwa zile dakika zake tatu.

22/ Kwa anayetaka kujaribu wikendi hii: toka mapema Jumapili, matatu za kutoka tao huwa na nafasi. Toa gurudumu la mbele, shusha kiti, funika mnyororo na gunia ili usichafue nguo za watu. Ongea na makanga kabla ya kupandisha, si baada. Gari lenye keria au buti kubwa ni rahisi kuliko la abiria 14. Panga kurudi jua likiwa bado juu.

23/ Na kwa mdahalo ujao, mgombea akisema "tutajenga barabara", mpigie makofi kisha umuulize haya matatu. Moja: kati ya kila shilingi 100 za barabara hiyo, ngapi ni za anayetembea na wa baiskeli? Mbili: msitu wa umma ulio karibu na wadi yako unafikika kwa matatu gani? Tatu: ukikatwa kwa lami, nani ataulizwa kwanza?

Wekeni hapa chini msitu au kilima cha kwenu na namba ya matatu inayofika. Wa Mombasa, Kisumu, Eldoret, Nyeri, msituache. Tutengeneze orodha yetu wenyewe, tuone ni wapi hakufikiki. Hapo ndipo pa kuanzia maswali.