Picha Mbovu Kati ya King'amuzi na Televisheni: Kosa Liko Wapi?

Picha ya televisheni inapoharibika, jambo linalofanywa aghalabu katika nyumba zetu ni moja kati ya mawili: kijana hupandishwa juu ya paa akaigeuze antena, au fundi huitwa. Mara nyingi yote mawili hufanyika kabla ya mtu yeyote kukitazama kile kipande cha waya, kisichozidi mita moja na nusu, kiungacho king'amuzi na televisheni. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kutambua kosa liko upande upi wa king'amuzi, na kuonyesha kwamba waya ule mfupi una fizikia ya kutosha vipindi kadhaa vya Kidato cha Tatu.

Yafaa kwanza tuikumbuke safari ya picha. Tangu televisheni ya rangi ilipoanza Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye Tanzania Bara ilipopata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994, mawimbi yalitoka mnarani yakaingia katika antena, na kutoka hapo yakaingia moja kwa moja katika televisheni. Chochote kilichoyapata njiani kilionekana kiooni. Mawimbi yakiwa hafifu, picha ilijaa chengachenga; yakigonga jengo kubwa na kurudi, kila mtu katika picha alifuatwa na kivuli chake. Mfumo huo ulianza kuzimwa nchini Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia Dar es Salaam, na nchini Kenya ulizimwa mwaka 2015. Sasa mnara hurusha tarakimu. King'amuzi huzipokea, huzisahihisha, huzifumbua, kisha huiunda picha upya na kuikabidhi televisheni.

Hapa ndipo penye ufunguo wa jambo lote. Tarakimu zinazorushwa husindikizwa na tarakimu nyingine za ziada, ambazo hukiwezesha king'amuzi kugundua zile zilizoharibika njiani na kuzirekebisha. Maadamu makosa ni machache, picha hutoka safi kabisa, kana kwamba mawimbi hayakupata dhara lolote. Makosa yakizidi kiasi, king'amuzi hushindwa ghafla: picha huvunjika vipande vya mraba, huganda, sauti hukatika, kisha hutokea maandishi ya kusema kwamba hakuna mawimbi. Hakuna hali ya katikati. Kwa hiyo king'amuzi hakiwezi kukuletea chengachenga kutoka kwenye antena, wala kivuli, wala mkanda wa giza upandao kiooni. Ukiviona vitu hivyo, kumpandisha mtoto juu ya paa ni kumhatarisha bure.

Kuna kipimo kilicho rahisi zaidi, nacho hakihitaji chombo chochote isipokuwa rimoti. Bonyeza kitufe cha menyu ya king'amuzi. Menyu ile haikutoka mnarani; imeandikwa na king'amuzi chenyewe, nayo hupita katika waya uleule upitao picha. Ikiwa maandishi yake ni safi ilhali picha iliyo nyuma yake imevunjika, kosa liko kabla ya king'amuzi: antena, dishi, waya wa kutoka huko, au mvua kubwa, ambayo hufyonza mawimbi ya satelaiti. Ikiwa maandishi nayo yana chenga, yametetemeka au yamepoteza rangi, kosa liko baada ya uundaji wa picha, yaani kwenye tundu la king'amuzi, waya au televisheni. Kisha bonyeza menyu ya televisheni yenyewe. Ikiwa nayo ni mbovu, kioo au mitambo yake ya ndani ndiyo yenye ugonjwa. Ikiwa ni safi, mshuku waya, ingawa usisahau kwamba menyu hii ya pili haipiti katika tundu la kuingizia picha, kwa hiyo haiwezi kulithibitisha tundu hilo kuwa ni zima.

Msomaji makini atauliza: mbona mara nyingine naona chengachenga katika kipindi, na menyu ni safi? Bila shaka kituo kinarusha mkanda wa zamani. Chenga zile zilinaswa pamoja na picha, nazo huhifadhiwa na tarakimu kwa uaminifu uleule unaohifadhi sura ya mwimbaji. Badilisha kituo, nazo zitatoweka.

Sasa tuutazame waya wenyewe. Katika nyumba nyingi bado king'amuzi huungwa kwa nyaya tatu zenye plagi za rangi: nyekundu na nyeupe ni za sauti, na ya njano ni ya picha. Waya huo wa njano umebebeshwa mzigo mzito. Ndani yake hupita mwanga wa picha, rangi zote, na alama za kuiambia televisheni kila mstari uanzie wapi. Vyote hivyo vimefungwa pamoja kwa utaratibu uitwao PAL, ambao Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken huko Ujerumani aliuonyesha mwaka 1963. Picha ina mistari 625, ambayo kati yake 576 ndiyo ionekanayo, na rangi hupandishwa juu ya wimbi la mizunguko milioni 4.43 kwa sekunde. Lakini mwanga nao, katika sehemu za picha zenye michoro midogomidogo, hutoa mawimbi yanayokaribia kiasi hichohicho. Televisheni haiwezi kuyatenganisha kwa ukamilifu. Ndiyo maana mtangazaji akivaa koti la mistari myembamba huonekana kama amemwagiwa upinde wa mvua. Hapo hakuna kilichoharibika, na fundi anayetoza fedha kwa kuitibu hali hiyo anatoza fedha kwa bure.

Yapo hata hivyo makosa halisi ya waya wa njano, na la kwanza huletwa na tamaa ya kutazama televisheni mbili kwa king'amuzi kimoja. Mtu hununua kiungo chenye midomo miwili, akapeleka picha sebuleni na chumbani. Tufanye hesabu. Ndani ya king'amuzi mna chanzo cha volti 2 kilichotanguliwa na ukinzani wa omu 75. Televisheni nayo ina ukinzani wa omu 75. Volti hugawanyika nusu kwa nusu, na televisheni hupata volti 1, ambayo 0.7 ni ya picha na 0.3 ni ya alama za mistari. Ukiunga televisheni ya pili sambamba na ya kwanza, ukinzani wa mzigo hushuka hadi omu 37.5. Volti zinazopatikana ni 2 × 37.5 ÷ (75 + 37.5), yaani 0.67 hivi. Theluthi moja ya picha imepotea: weupe umekuwa kijivu, na alama za mistari zimebaki volti 0.2 tu, hata baadhi ya televisheni huanza kupinda au kuikimbiza picha. Mwanafunzi aliyedhani kwamba vikinzani sambamba ni vya kujibia mtihani tu anaweza kuviona hapa kwa macho yake.

Kosa la pili ni urefu. Waya wa picha hupaswa kuwa wa omu 75, wenye uzi wa kati uliozungukwa na wavu wa shaba. Nyaya nyingi za bei nafuu sokoni zina nyuzi chache tu zilizosokotwa mahali pa wavu huo. Kwa mita moja na nusu hazina madhara makubwa. Lakini mtu akizirefusha hadi mita 15, ishara hugonga mwisho wa waya usiolingana na televisheni, hurudi kwenye king'amuzi, hugonga tena, na kufika kiooni ikiwa imechelewa. Katika waya ishara husafiri kwa kiasi cha mita milioni 200 kwa sekunde. Kwenda na kurudi mita 30 huchukua sehemu 0.15 ya milioni ya sekunde. Sehemu ionekanayo ya mstari mmoja huchorwa kwa sehemu 52 za milioni ya sekunde. Basi katika kioo chenye upana wa sentimita 52, kivuli kitakuwa umbali wa milimita 1.5 kulia kwa kitu chenyewe, kiasi cha kuzifanya herufi zionekane zimeandikwa mara mbili. Kwa waya wa mita 1.5 kivuli hicho ni milimita 0.15, nacho hakionekani.

La tatu ni mkanda mpana wa giza unaopanda au kushuka taratibu kiooni. Huu ni umeme wa nyumba ulioingia katika picha. Dishi limeungwa na ardhi mahali pamoja, televisheni mahali pengine, na mkondo mdogo hupita katika wavu wa waya kutoka ardhi moja hadi nyingine. Dawa yake ya kwanza ni kukilisha king'amuzi na televisheni kutoka soketi moja ya ukutani. Kuikata nyaya ya ardhi, kama wafanyavyo wengine, huondoa mkanda na kuleta hatari ya kifo. Lakini kabla ya kuuondoa mkanda huo, mwalimu aweza kuutumia. Picha huchorwa mara 50 kwa sekunde, na umeme wetu nao hubadilika mara 50 kwa sekunde, lakini si kwa usahihi kamili. Mkanda ukishuka kutoka juu hadi chini kwa sekunde 10, umeme unapungukiwa na sehemu 0.1, yaani ni 49.9, ukipanda kwa muda huohuo, ni 50.1. Darasa lenye saa ya mkono tu limeweza kuupima umeme wa taifa.

Picha ikiwa haina rangi kabisa, tazama plagi ya njano imechomekwa wapi: televisheni nyingi za siku hizi zina tundu la kijani karibu yake, ambalo husoma mwanga peke yake. Sababu nyingine ni king'amuzi kuwekwa katika mfumo wa NTSC, uliotumika Japani na Marekani, wakati televisheni inajua PAL tu, au kinyume chake.

Mwenye waya wa HDMI ameepukana na karibu yote hayo, kwa kuwa tarakimu huendelea kuwa tarakimu hadi kiooni. Waya huu ukiugua huonyesha vitone vinavyometameta, au kioo huwa cheusi tupu. Hauwezi kufifisha rangi, na kwa sababu hiyohiyo hauwezi kuziongeza. Waya uliopakwa dhahabu unaouzwa mara kumi ya bei ya kawaida hautoi picha iliyo bora. Afadhali mtu afungue mipangilio ya king'amuzi, kwani vingi huachwa vikitoa picha ya mistari 576 hata kupitia HDMI. Picha ya kawaida ina nukta 720 × 576, yaani 414,720; ile kubwa ina 1920 × 1080, yaani 2,073,600, ambazo ni mara tano kamili. Katika mipangilio hiyohiyo huonekana pia uwiano wa kioo: picha ya 4 kwa 3 ikinyooshwa ijaze kioo cha 16 kwa 9, kila mtu hunenepa kwa theluthi moja.

Ikiwa waya umebadilishwa, mipangilio imesahihishwa, na menyu ya televisheni yenyewe ingali mbovu, hapo ndipo mahali pa fundi. Mwanafunzi asifungue mgongo wa televisheni. Zile za zamani zenye chupa kubwa ya kioo huwa na zaidi ya volti 20,000, ambazo huweza kubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani.