Kafika chuo kikuu, lakini kitabu cha Kiingereza hakisomeki

Mwezi wa kumi ukikaribia kwisha, stendi ya Mikumi huwa na sura yake. Kijana kasimama na begi, ndoo mpya na godoro lililofungwa kamba, mama yuko pembeni anahesabu nauli. Safari ni ya Morogoro, kwenda SUA au Mzumbe, na wengine wanapitiliza hadi Dar es Salaam. Kilosa nako ni hivyo hivyo, ila siku hizi wapo wanaopanda treni ya SGR. Mtaa mzima unajua kwamba mtoto wa fulani kapata chuo.

Wiki chache baadaye kijana anapewa kazi ya kwanza. Asome sura moja ya kitabu, kurasa 20 hivi, kisha aandike insha ya kurasa nne kwa Kiingereza. Hapo ndipo wengi hukwama, na nyumbani hakuna anayeambiwa. Kwenye simu ni "masomo yanaendelea vizuri, mama", mpaka siku neno "sapu" linapoingia kwenye mazungumzo, na baada ya sapu linafuata neno baya zaidi, "disko". Bodi ya Mikopo imeshatoa fedha, shamba limeshakodishwa, na kijana anarudi na begi lake.

Mzazi wa namna hii huwa na swali moja: huyu si ndiye aliyefaulu kidato cha sita? Ndiye. Na hakuiba mtihani.

Tufuate njia aliyopita. Katika shule ya msingi ya serikali alisoma hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja tu katika ratiba. Siku anaingia kidato cha kwanza, karibu kila somo likageuka Kiingereza. Alipewa wiki chache za kuzoea lugha, kisha akaachwa na Biology na Geography. Mtoto mwenye akili hutafuta njia ya kupona, na njia iliyopo ni kukariri. Anakariri maana za maneno, anakariri madesa ya mwalimu, anakariri majibu ya mitihani iliyopita. Insha ya mtihani ina umbo lake ambalo kila aliyepita sekondari analijua: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Ukizikumbuka hoja sita, umefaulu. Miaka sita anaweza kuimaliza bila kusoma kitabu kimoja cha Kiingereza kuanzia jalada hadi jalada. Aliyechukua masomo ya sayansi ana uzoefu mdogo zaidi, maana insha zake karibu zote zilikuwa za General Studies.

Hili halikuanza na kizazi cha simu, kama wazee tunavyopenda kusema. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwaka 1991. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi nchini kuanzia shule za msingi hadi chuo kikuu. Kati ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa, chini ya asilimia 20 ndio walioweza kusoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Cha ajabu, pamoja na matokeo hayo, ripoti ilishauri Kiingereza kiendelee kufundishia. Mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, waliofahamu hali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoka ndani, walitoa kitabu kizima kuhusu mgogoro huu wa lugha. Kwa miaka mingi Profesa Qorro amekuwa akisisitiza kwamba kukifundisha Kiingereza vizuri kama somo ni jambo moja, na kukitumia kufundishia mtu asiyekijua ni jambo jingine.

Mjadala huo ni mkubwa na una pande zake. Ila mtoto wako anaingia chuo mwaka huu, na mwaka huu lugha ya kitabu ni Kiingereza.

Chuo kinafundisha nini

Vyuo vyenyewe vinajua. Ndiyo maana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana na somo la stadi za mawasiliano, wenyewe wanaliita Communication Skills. Mle anafundishwa mambo ambayo mzazi angedhani yaliisha kidato cha pili: kutambua wazo kuu la aya, kuandika muhtasari, kupanga insha, kutaja kitabu alikotoa maneno ili asihesabiwe mwizi wa maandishi. Ni somo zuri. Ugumu wake ni kwamba ukumbi unaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na kuandika hakufundishiki kwa kipaza sauti. Kunataka mtu asome karatasi yako, akurudishie, uandike tena. Isitoshe, vijana wengi hulidharau somo hili kwa kuwa si la fani yao. Kama una jambo moja tu la kumwambia mwanao kabla hajaondoka, mwambie asilitege.

Tuangalie swali la mfano. Tuseme mhadhiri ameandika: "Discuss the causes of floods in Kilosa." Kijana wa Kilosa anaujua mto Mkondoa. Huenda alikuwa mtoto mdogo mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipobomoa reli na kuwaacha watu kwenye mahema, au amesimuliwa na bibi yake. Kwa hiyo ana la kusema. Lakini anafanya alichozoea: anaeleza maana ya mafuriko, anaorodhesha hoja sita, kila moja mistari miwili, anafunga. Kazi inarudi na alama ndogo, naye haelewi, kwa sababu hoja zote sita ni za kweli.

Neno "discuss" halikumtaka aorodheshe. Lilimtaka apime. Ni ukataji wa miti milimani, au ni tuta la mto lililokuwa halitunzwi, au ni mvua tu iliyozidi? Lipi lina uzito zaidi, na unajuaje? Insha ya chuo huchagua jibu moja na kulitetea kwa ushahidi, aya kwa aya, na kila aya hubeba wazo moja. Huu ni ujuzi wa kufikiri kabla haujawa wa Kiingereza. Ukimuuliza kijana huyo huyo kwa Kiswahili jikoni, atabishana nawe nusu saa.

Halafu kuna makosa ya sarufi, ambayo ndiyo huonekana kwanza. Kijana anaandika "the people they suffered". Lile "they" la ziada limetoka kwetu: "watu waliteseka", ile "wa" ya kitenzi inamvuta arudie mtenda. Anaandika "my mother he said" kwa kuwa "amesema" yetu haibagui mwanamume na mwanamke. Vile vineno "a" na "the" vinampotea kwa sababu Kiswahili kinaishi vizuri bila hivyo. Makosa haya yana mantiki, na yanapungua kwa kusoma sana kuliko kwa kukaripiwa. Kwa maoni yangu, mhadhiri anayeijaza karatasi nzima wino mwekundu humsaidia mwanafunzi kidogo kuliko yule anayemwambia, "Nenda kaandike upya aya ya kwanza, uniletee Jumatatu."

Miezi ya kusubiri

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi wa tano, na vyuo hufunguliwa kuanzia mwishoni mwa mwezi wa kumi. Wengine hupitia JKT katikati, lakini hata hao hubakiwa na wiki za kukaa nyumbani. Ni muda unaotosha kubadilisha mengi, na mzazi asiyejua neno la Kiingereza anaweza kuusimamia.

Kwanza ni kusoma, na kusoma vitu vyepesi. Kipimo ni vidole vya mkono mmoja. Fungua ukurasa, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho bado ni kigumu, kiwekwe kando. Anayesoma kwa kupekua kamusi kila mstari hufika mwisho wa aya akiwa amesahau ilivyoanza. Dakika 20 kila siku za hadithi nyepesi zitamfaa kuliko saa tatu za kitabu kinachomshinda.

Hapa aibu huingia. Kijana wa miaka 20 aliyechaguliwa chuo kikuu hataki kuonekana na hadithi ya watoto mkononi. Dawa ni kumpa mdogo wake. Mwambie amsomee mdogo wake wa darasa la nne hadithi moja kila jioni na kumweleza kwa Kiswahili. Heshima yake inabaki, mdogo anafaidika, na yeye mwenyewe anasoma kwa sauti bila kujua kwamba amepewa dawa. Hadithi zipo bure kwenye simu. Tovuti ya African Storybook ina hadithi zilizopangwa kwa ngazi, nyingi zikiwa na toleo la Kiingereza na la Kiswahili. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina vitabu vya kiada. Pakua ukiwa mahali penye mtandao, maana vijiji vya Kilosa tunavijua.

Kisha ni kuandika. Mara moja kwa wiki, ukurasa mmoja, kuhusu jambo analolijua. Mikumi ina mada tele: barabara kuu inayokatiza hifadhini na wanyama wanaogongwa, tembo kwenye mashamba, wakulima na wafugaji. Aanze kwa kukuhoji wewe, aandike kwa Kiswahili hoja yake ni ipi, ndipo aiandike kwa Kiingereza kwa sentensi fupi. Baada ya siku mbili airudie. Simu isimtafsirie. Programu za kutafsiri na zile zinazoandika insha nzima zitampa karatasi safi leo, lakini chumba cha mtihani hakiruhusu simu, na huko ndiko kwenye alama nyingi.

Akishakuwa chuoni, badilisha swali la kwenye simu. "Masomo yanaendeleaje?" lina jibu moja tu. Muulize, "Wiki hii umesoma kurasa ngapi, na zilisema nini?" Akueleze kwa Kiswahili. Ukielewa, naye ameelewa. Akianza kuzungukazunguka, muulize kama ameshaenda kumwona mhadhiri wa stadi za mawasiliano. Na kazi ikisharudi imesahihishwa, mwombe apige picha akutumie WhatsApp. Kiingereza chake huwezi kukisoma, lakini alama utaiona, na utaweza kumuuliza ni aya ipi anaiandika upya.