Marafiki Nane, Kombe Moja: Nani Atacheka Mei?

Wachezaji 15, pauni milioni 100 za kufikirika na uswahiba wa tangu chuo. Ligi ya Uingereza ikianza, urafiki nao unaingia uwanjani. Hebu tuwapime wapinzani mmoja baada ya mwingine.

Ukimwona jamaa yuko harusini, maharusi wanalishana keki, yeye kainamia simu, usikimbilie kusema ana nyumba ndogo. Huenda anatafuta beki wa bei poa kabla usajili haujafungwa! Ndiyo maisha ya mameneja wa Fantasy Premier League, mchezo ulioanza mwaka 2002 na ambao msimu wa 2024/25 ulivuka washiriki milioni 11 duniani.

Kwa ambaye bado yuko gizani, mambo ni hivi. Unapewa pauni milioni 100 za bandia, unasajili makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Huruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Wakifanya vizuri uwanjani, wewe unavuna: bao la mshambuliaji pointi 4, la kiungo 5, la beki 6, pasi ya bao 3. Nahodha wako pointi zake zinazidishwa mara mbili. Raundi ni 38, na maneno hayahesabiki.

Ligi yetu ina watu nane. Tulisoma pamoja, leo mmoja yuko Mwanza, mmoja Arusha, mmoja Muscat, na tuliobaki tunasukumana na foleni za Dar. Kila mtu anatoa shilingi 25,000, jumla 200,000. Bingwa anaondoka na 120,000, wa pili 50,000, na 30,000 ni ya nyama choma ya wote. Sasa twende kazi.

Mhasibu
Ndiye bingwa mtetezi. Huyu hapangi kikosi, anafunga hesabu! Ana jedwali kwenye kompyuta, anajua nani anapiga penalti na nani amebakiza kadi moja ya njano afungiwe. Silaha yake kubwa ni subira: wiki ambayo sisi tunahangaika kusajili, yeye anatulia na kulimbikiza nafasi zake za usajili wa bure. Udhaifu wake? Hana raha. Akipata pointi 80 analalamika kwamba zilitakiwa 92. Tunampa nafasi ya pili, maana mwaka huu kuna mtu kamvizia.

Shabiki wa damu
Mwenzetu wa Arusha ni Manchester United mpaka kwenye mashuka. Kila msimu anajaza nafasi zote tatu za klabu yake, na kumsajili mchezaji wa Liverpool kwake ni sawa na mwana Yanga kuvaa jezi nyekundu. Msimu wa 2024/25 United walimaliza nafasi ya 15. Msimu huohuo Mohamed Salah wa Liverpool alivunja rekodi ya mchezo huu kwa pointi 344, akiwa na mabao 29 na pasi za bao 18. Sote saba tulikuwa naye. Unajua nani hakuwa naye. Mapenzi ni kitu kizuri, jamani, lakini hayana pointi. Nafasi ya saba.

Mzee wa hasi nne
Kila usajili unaozidi ule wa bure unakatwa pointi 4. Wengi wetu tunaogopa makato hayo kama riba ya mkopo wa mtaani, ila huyu mshkaji anayachukua kama maji ya kunywa. Mchezaji akikosa bao Jumamosi, Jumapili keshauzwa! Kuna wiki alifanya usajili mara tatu zaidi, akakatwa 12 kabla mpira haujapigwa, na aliyemuuza akafunga mawili. Ukimtazama vizuri, ndivyo alivyo hata nje ya mchezo: simu anabadilisha, kazi anabadilisha, na wachumba tumeacha kuwakariri majina. Nafasi ya sita.

Mr. na Mrs.
Hapa ndipo patamu. Bwana aliingia ligi hii kitambo, bibie akajiunga msimu wa kwanza wa ndoa yao, kwa maneno yake, "nione kinachokunyima usingizi." Alimaliza juu ya mumewe. Msimu uliofuata, tena! Siri yake haina uchawi: anachagua wachezaji wa uhakika wanaocheza dakika zote 90, hamuuzi mtu kwa hasira, na unahodha anampa yule aliye kwenye kiwango hata kama jina lake halijulikani kijiweni.

Mwanzoni bwana alinuna. Jumamosi nyumba ilikuwa kimya kama msiba, kisa beki wa mkewe hakufungwa bao. Ikafika mahali wakakaa chini kuongea, na kumbe bibie hakuwa akitafuta ushindi. Alitaka kuwa sehemu ya zile saa nne za wikiendi ambazo mumewe alikuwa akihamia kwenye simu. Sasa wana sheria mbili: kikosi cha mwenzako hakichunguliwi, na aliyepata pointi chache anapika Jumapili. Tumeambiwa pilau la bwana limeanza kuwa tamu, maana mazoezi anayo! Bibie tunampa ubingwa, bwana nafasi ya tano.

Mnakili
Wetu wa Muscat hana wazo lake hata moja. Anashinda mitandaoni kwa wataalamu, na wakisema fulani ndiye nahodha, kwake ni sheria. Usimdharau lakini. Anayefuata wengi hapotei mbali, na siku Erling Haaland anapofunga matatu, mnakili naye amo. Tatizo ni kwamba kwa njia hiyo ni vigumu kuwapita watu wenye kikosi kama chako. Nafasi ya tatu.

Mtoro
Kila ligi ina meneja anayeanza Agosti kwa mbwembwe, ikifika Novemba kikosi chake kina majeruhi wanne na nahodha aliyeshauzwa Uturuki. Wetu yuko Mwanza, na kila mtu hupenda kumtania.

Ila kuna jambo. Huyu zamani hakuwa mtoro. Alikuwa wa kwanza kupanga kikosi na wa kwanza kuchonga. Msimu mmoja akapitiliza muda wa usajili, wiki ya kwanza tukacheka, ya pili tukacheka zaidi, ya tatu Mhasibu akasema, "Jamani, huyu si kawaida yake." Akapigiwa. Ndipo tukajua kwamba kazi ilikuwa imekwisha miezi miwili nyuma, kodi ya nyumba inadaiwa, na hajamwambia mtu. Wanaume wengi ndivyo tulivyolelewa: utamwambia mwenzio goti linauma, hutamwambia moyo unauma. Pesa ya ligi mwaka ule hatukula nyama. Ilikwenda Mwanza yote, na hakuna aliyeulizwa. Leo ana kazi nyingine, kikosi bado anakisahau, na sisi tunaendelea kumpa nafasi ya nane kwa mapenzi yote.

Nafasi ya nne? Ni ya mwandishi wa makala haya. Kelele za nini?

Kabla hamjaanza
Na ninyi mna ligi yenu? Basi zingatieni haya, msije mkagombana bure.

Moja, mshika pesa awe mmoja, anayeaminiwa na wote, na mgawanyo uandikwe kabla ya raundi ya kwanza. Urafiki mwingi haufi kwa mabao, unafia kwenye "nitakutumia kesho."

Mbili, jueni saa. Usajili hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ikianza saa 6:30 mchana kwa saa za Uingereza, kwetu mwisho ni saa 7 mchana, lakini Waingereza wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa 8. Mechi ya Ijumaa usiku ndiyo inayowaliza wengi, kwa hiyo kumbushaneni.

Tatu, utani uwe na mipaka. Kikosi kitanieni mpaka mchoke. Mke, mshahara na wazazi viacheni.

Nne, mwenye mwenza amwambie mapema ratiba ya wikiendi, au bora zaidi, amkaribishe kwenye ligi. Akikufunga, pika.

Tano, mtu akinyamaza wiki mbili, usitume vikatuni vya kucheka. Mpigie.

Haya, kila la heri, na bibie wetu asome hapa kwamba tumeshamtabiria kombe. Akilikosa, hiyo kesi ni yake na Mhasibu!