Kubadili Umbo la Data kwa Skima: Mfano wa Neno "Mvinje"

Kuanzia mwaka 1971, machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, yalipandwa mivinje chini ya uongozi wa René Haller. Majani yaliyopukutika yaliliwa na majongoo, na udongo ukapatikana juu ya mwamba mtupu. Kwa hiyo neno mvinje linamhusu mtaalamu wa misitu na mtunga kamusi pia, ila kila mmoja hulihitaji katika umbo lake.

Katika kompyuta, habari za neno huwekwa katika rekodi, yaani fungu la sehemu zenye majina. Ichukuliwe kuwa rekodi ya mtaalamu wa misitu ina sehemu nne: jina (mvinje), wingi (mivinje), jina la kisayansi (Casuarina equisetifolia), na mahali jina lilipokusanywa (Bamburi). Rekodi hiyo yaweza kugeuzwa iwe ya kamusi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya amri: programu huelezwa kila hatua ya kufuata. Ya pili ni ya tamko: huelezwa umbo la matokeo tu, na programu hujitafutia hatua. Maelezo hayo ndiyo skima. Lugha ya XSLT, iliyoidhinishwa na W3C mwaka 1999, hufuata njia hii ya pili.

Skima ya mfano huu ni kama ifuatavyo:

(a) kidahizo ni jina;
(b) ngeli ni M-/MI-, iwapo jina huanza kwa m- na wingi wake kwa mi-;
(c) maelezo ni jina la kisayansi.

Faida yake ni kwamba mwanaisimu asiyejua kuandika programu aweza kuisoma na kuisahihisha. Lau kanuni (b) ingetazama umoja peke yake, mvinje na mvuvi yangetiwa katika ngeli moja.

Hata hivyo, kwa kawaida kisichotamkwa katika skima hupotea kimya kimya. Katika mfano huu mahali hapakutajwa. Kwa hiyo Bamburi haimo katika rekodi mpya. Kwa mtafiti wa lahaja huo ni ushahidi uliofutika. Yafaa basi rekodi ya asili ihifadhiwe, na skima ikaguliwe na wajuzi wa lugha kabla ya kutumiwa.