Kanisa Lisilo na Askofu: Desturi za Wabaptisti wa Nyeri

Wabaptisti walipotia mguu Kenya mwaka 1956, Nyeri ilikuwa na wenyewe. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata, Waitalia, walikuwa wamefika nchi ya Wakikuyu tangu 1902 na kujenga misheni ya Mathari. Waskoti walianza kazi Tumutumu mwaka 1908, zikafuata shule na hospitali. Misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimewekeana mipaka, kila moja na eneo lake. Kisha mwaka 1929 likazuka suala la tohara ya wasichana, misheni za Kiprotestanti zikiipinga, na waumini wengi wakatoka misheni, wakajijengea makanisa na shule za kujitegemea. Basi mtu wa Nyeri akiulizwa yeye ni wa wapi, alijibu kwa kanisa kama alivyojibu kwa ukoo.

Mwaka huohuo wa 1956, mwezi wa Oktoba, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa karibu na Nyeri. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakusanya watu katika vijiji vya Hali ya Dharura, na imani yao kwa wazungu wenye Biblia ilikuwa imejaa majeraha. Wamisionari Wabaptisti, Wamarekani wa majimbo ya kusini, wengine wakitokea Nigeria ambako kanisa lao lilianza kazi mwaka 1850, walikuwa wamechelewa mno kudai ukanda wao. Kazi yao ikajikita zaidi mijini, kwa watu waliotoka kwao kutafuta riziki. Ndiyo maana mtaa kama Skuta, mjini Nyeri, wenye wapangaji na wafanyabiashara wadogo waliotoka huku na huku, ni mahali panapolifaa kanisa la namna hii. Mpangaji hajarithi benchi la kanisa kutoka kwa babu yake. Anachagua.

Na kuchagua ndiko kiini cha Ubaptisti. Mtoto habatizwi. Huletwa mbele ya kanisa, mchungaji akamshika, akaombewa, akarudishwa kwa mama yake. Nyanya aliyelelewa Tumutumu au Mathari huuliza, tena kwa uchungu wa kweli, mjukuu wake atabatizwa lini. Jibu humtaka angoje miaka mingi, hadi mtoto aweze kusimama na kukiri mwenyewe. Kwa desturi za Wakikuyu jibu hilo si geni kama linavyosikika. Kijana huvuka na kuwa mtu mzima kwa tendo analolikabili kwa mwili wake mwenyewe, mbele ya mashahidi, na hakuna anayeweza kumvukia. Siku hizi makanisa mengi ya Nyeri huwapokea wavulana waliotahiriwa likizo ya mwisho wa mwaka, wakawafundisha adabu, kazi na maandiko kabla ya kuwarudisha nyumbani. Kwa vijana wa Kibaptisti, darasa la ubatizo huja karibu na umri huo. Halafu huja maji, ya kuzama mwili mzima. Mito ya Nyeri kama Chania hushuka kutoka Nyandarua, na mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umetanda hadi saa nne asubuhi, anayeingia mtoni huwa ameamua kwelikweli.

Lakini ninaloliona kuwa urithi mkubwa zaidi ni kikao cha washirika. Kanisa la Kibaptisti halina askofu. Jumuiya ya makanisa ya Kibaptisti ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1971, huyaunganisha makanisa bila kuyatawala. Mchungaji huitwa na washirika wenyewe, na wao ndio humwachia akaenda zake. Wakikuyu wa zamani hawakuwa na mfalme. Kila mwinuko ulikuwa na kiama chake, yaani baraza la wazee, na machifu waliletwa na serikali ya kikoloni. Kikao cha kanisa kimeirudisha tabia hiyo ya kujitawala, ila kwa tofauti moja ninayoiheshimu sana: kiama kilikuwa cha wanaume. Kwenye kikao, mjane anayeuza sukuma wiki kando ya barabara hunyanyua mkono, na mkono wake huhesabiwa sawa na wa mwalimu mkuu mstaafu. Nadhani wanawake wamelijenga kanisa hili kwa sababu waliona kwamba neno lao lina uzito.

Hata fedha hupita mikononi mwa wote. Asiye na noti huleta mayai, mkungu wa ndizi, viazi kwenye kikapu, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada uani. Kuku mmoja aweza kununuliwa na kurudishwa sadaka mara tatu, bei ikipanda, watu wakicheka. Mabati ya makanisa mengi ya Nyeri yamenunuliwa hivyo, pamoja na harambee.

Kanisa hufuata washirika hadi nyumbani. Kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, wazee wa kanisa huketi na wazee wa ukoo, na muratina, pombe ya asili, imepisha uji na soda. Kukiwa na msiba, maombi hufanyika nyumbani kwa marehemu kila jioni hadi siku ya mazishi, na orodha ya michango husomwa hadharani.

Uhuru huu una gharama yake. Pasipo askofu wa kuamua, ugomvi juu ya mchungaji, kiwanja au lugha ya ibada huweza kulivunja kanisa vipande viwili. Lugha hasa ni jambo zito mtaani: wazee wanataka Kikuyu, wapangaji wa makabila mengine wanataka Kiswahili, vijana wanachanganya na Kiingereza. Makanisa mengine yameweka ibada mbili, na hiyo, kwa maoni yangu, ni hekima, mradi kikao kibaki kimoja. Kuna pia kugawanyika kwa heri. Familia chache za upande mmoja wa mji huanza kusali sebuleni kwa mmoja wao, kanisa mama huwapa viti na mhubiri wa kupokezana, kisha hutafutwa kiwanja. Siku wanapoweza kumlipa mchungaji wao, huitisha kikao chao cha kwanza na kupiga kura.